Ripoti ya kinyama cha dada yangu imeandikwa "HER2 2+". Tuuze kiwanja tulipie kipimo cha vinasaba, au tunachezewa?

#1 Binti Kibosho

Habari za jioni wakuu. Ripoti ya dada yangu iko hapa mezani na leo ni siku ya nne sijalala vizuri.

Dada ana miaka 38, watoto wawili, mdogo yuko darasa la pili. Mwezi wa pili alipapasa uvimbe titi la kushoto, akadhani ni maziwa yaliyoganda ingawa alishaachisha zamani. Wakachukua kinyama, tukasubiri wiki tano. Majibu: saratani, ER chanya, PR chanya (wanasema hivi ni vipokezi vya homoni), HER2 2+. Daktari anasema hiyo 2+ haisemi ndiyo wala hapana, inabidi kinyama kipimwe tena kwa kipimo cha vinasaba. Hapa kwetu hakipo, kinapelekwa kwingine na tunalipa wenyewe. Kikitoka chanya kuna dawa yake maalumu, ya mwaka mzima, nayo ina bei.

Juzi tulikaa kikao. Kaka mkubwa anataka tuuze kiwanja. Baba mdogo anasema saratani ni saratani, apewe dripu kama wenzake, mengine ni biashara. Dada mwenyewe alinyamaza kikao kizima, na hicho ndicho kilichoniuma kuliko yote.

Naomba mwenye kujua anijibu: ni kweli vinasaba vinaweza kumwambia daktari dawa ipi ampe nani? Au ni maneno ya ripoti?

#2 Mpiga Kasia

Pole sana dada. Nakaa hapa nisome.

#3 Mkulima wa Ilula

Baba yako mdogo yuko sahihi. Vinasaba ni vya kesi za mtoto wa nani, unaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali unapewa jibu. Saratani inatokana na hizi sumu tunazopulizia nyanya na kuzila siku ya pili. Nimelima miaka 19, nimeona. Msiuze kiwanja.

#4 Fundi wa Darubini

Mleta mada, usiuze kitu wiki hii, na usikitupe kipimo pia. Kazi yangu ni maabara ya patholojia, hizo ripoti napita nazo kila siku.

Mkulima, hapo umechanganya vitu viwili, na wengi huvichanganya. Kuna vinasaba ulivyozaliwa navyo, viko kwenye mate, damu, kila mahali mwilini. Hivyo ndivyo vya kesi ya mtoto wa nani. Halafu kuna mabadiliko yaliyotokea ndani ya uvimbe peke yake, ukubwani. Dada wa mleta mada hakuzaliwa nayo na watoto wake hawatayarithi. HER2 ni ya kundi hili la pili. Kinachopimwa ni uvimbe, wala hawapimi ukoo.

Sasa hiyo 2+. Chukulia chembe ya titi ni nyumba, na HER2 ni dishi juu ya bati linalopokea amri ya kukua. Nyumba ya kawaida ina dishi moja mbili. Kuna uvimbe ambao jeni ya HER2 imejinakili mara nyingi, paa lote limejaa madishi, amri ya kukua inaingia usiku na mchana. Sisi tunapaka rangi kinyama tunaangalia paa. Rangi ikiwa hakuna au hafifu tunaandika 0 au 1+, hiyo ni hasi. Paa lote likiwa limekolea tunaandika 3+, hiyo ni chanya, dawa inaanza. 2+ maana yake darubini imeshindwa kuamua. Ndipo inabidi uingie ndani ya nyumba uhesabu jeni yenyewe: nakala za HER2 dhidi ya kromosomu namba 17 inakokaa. Uwiano ukifika 2 na nakala zikatosha, ni chanya.

Katika kila wanawake 100 wenye saratani ya titi, kama 15 hadi 20 ndio wenye HER2 chanya. Kabla ya 1998 hao walikuwa na hali mbaya kuliko wenzao, ugonjwa ulikuwa unakimbia. Mwaka huo Herceptin, yaani trastuzumabu, ikaruhusiwa Marekani, inaenda kuziba yale madishi. Kwa mwenye HER2 hasi haizibi kitu, ni hela imemwagwa, na moyo unaweza kuumia bure, maana dawa hii inaweza kudhoofisha moyo na wanaoitumia hupimwa moyo kila baada ya miezi kama mitatu. Kwa hiyo baba mdogo mwambie hivi: kipimo ndicho kinachozuia msichezewe.

Swali langu kwako: kinyama kiliwekwa kwenye nini baada ya kukatwa?

#5 Binti Kibosho

Asante sana Fundi. Nimemsomea dada hiyo ya madishi, amecheka kidogo, mara ya kwanza tangu majibu yatoke.

Kinyama tulipewa sisi wenyewe kwenye kichupa, tukaambiwa tukanunue formalini duka la dawa tujaze, halafu tukipeleke maabara. Ilikuwa Ijumaa mchana. Maabara ilikuwa imefungwa, tukakipeleka Jumatatu. Kuna shida?

#6 Fundi wa Darubini

Inategemea. Kinyama kinatakiwa kiingie formalini ndani ya saa moja tangu kikatwe, na kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya 72. Ijumaa mchana hadi Jumatatu asubuhi mko ndani ya saa 72, ila kwa wembamba. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni muda kati ya kisu na duka la dawa. Kikichelewa nje kinaanza kuoza, na kinyama kilichooza hudanganya: ER chanya inaweza kusomeka hasi, na mama akanyimwa tamoksifeni, kidonge cha kuziba ER cha bei ndogo ambacho kingemfaa. Kwa dada ER imeshika rangi, maana yake kinyama hakikuharibika sana. Hiyo ni dalili njema.

Rudini maabara mwombe kibonge cha nta chenye kinyama, wengine wanaita bloku. Ni mali ya mgonjwa kwa maana ya kwamba mnaweza kuomba kisafirishwe. Hakihitaji barafu, kinasafiri hata kwa basi. Hakuna haja ya dada kukatwa tena wala kusafiri.

#7 Mpiga Kasia

Yaani nyama ya mtu inanunuliwa formalini na ndugu kama wananunua mkaa. Mungu atusaidie.

#8 Bandama Langu

Nimeingia kumjibu Mkulima wa #3.

Mimi ni mtu wa hizo dawa za vinasaba. Nilikuwa na miaka 29, tumbo upande wa kushoto limejaa, shati halifungi. Jasho la usiku, kukonda. Zahanati moja nilitibiwa malaria mara nne na taifodi mara mbili. Nikapelekwa kwenye kifua kikuu, makohozi safi. Kijijini wakasema nimelishwa kitu, nikanyweshwa maji ya mtaalamu mmoja wiki tatu. Bandama likafika kitovuni. Alikuja daktari kijana wa mafunzo, akahesabu damu tu, kipimo cha kawaida kabisa, chembe nyeupe zikawa zaidi ya laki mbili. Akasema hii ni saratani ya damu.

Inaitwa CML. Kromosomu namba 9 na namba 22 zimevunjika zikabadilishana vipande. Waliigundua Philadelphia mwaka 1960, na mwaka 1973 mama mmoja mtafiti, Janet Rowley, akaonyesha kuwa ni kubadilishana huko. Palipoungana panazaliwa jeni ambayo mtu hakuzaliwa nayo, inaitwa BCR-ABL, nayo ni kama swichi iliyokwama kwenye kuwasha. Mwaka 2001 ikatoka imatinibu, kidonge kinachozima swichi hiyo. Zamani ilikuwa upandikizwe uboho au usubiri.

Nameza miligramu 400 kila siku baada ya chakula, mwaka wa 11 huu. Nimeoa, nina binti. Dawa napata bure kupitia mpango wa Max Foundation, na masharti ya kuipata ni hicho hicho kipimo cha vinasaba, kwamba BCR-ABL ipo. Bila karatasi ile ningekuwa nimezikwa na watu wangekuwa wanasema nililogwa.

Na kipimo cha kufuatilia kinafanyika kwenye GeneXpert, mashine ile ile ya kifua kikuu, wanabadilisha katriji tu. Kwa hiyo si kila kitu cha vinasaba kiko India.

#9 Mkulima wa Ilula

Bandama Langu, nimekusoma mpaka mwisho na hongera kwa uhai. Lakini wewe una swichi moja. Titi je? Utumbo je? Umebahatika ugonjwa wako una tundu moja la ufunguo.

#10 Fundi wa Darubini

Hapo Mkulima ana hoja, nampa. CML ni ugonjwa wenye kosa moja kubwa, ndiyo maana kidonge kimoja kinatosha. Saratani nyingi za ukubwani zina makosa mengi, ukizima moja nyingine inachukua usukani. Hata Herceptin haitolewi peke yake mwanzoni, inafuatana na kemo.

#11 Mzee wa Forodhani

Assalaam alaykum. Niongeze la pwani, maana bara mnasahau kuwa vinasaba si vya uvimbe tu, na mwili unaopokea dawa nao una vyake.

Mjukuu wangu alipata uvimbe wa tumbo, lymphoma, yaani saratani ya tezi za limfu, ikawa inakua kwa kasi. Walipotaka kuanza kemo daktari akauliza, huyu mtoto ana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu? Tukamwambia ukoo wetu tunao, sisi wengine tukila dawa fulani za malaria mkojo unakuwa kama kahawa. Akasema alhamdulillah mmesema. Kumbe uvimbe mkubwa ukiyeyuka ghafla damu hujaa taka, na kuna dawa ya kusafisha, inaitwa rasburikesi, ambayo mwenye upungufu wa G6PD hatakiwi kupewa hata kidogo, chembe nyekundu zinapasuka. Akapewa ya zamani ya vidonge, na maji mengi ya mshipa.

Na upungufu huu tumeurithi kwa sababu ya malaria. Uliwakinga mababu. Leo unaweza kumdhuru mjukuu wodini kama hakuna aliyeuliza.

#12 Dada wa Muscat

Mzee wa Forodhani, shikamoo. Ya kweli hayo. Huku Oman upungufu huo ni mwingi sana, mwanangu alipimwa alipozaliwa tu, ukaandikwa kwenye faili lake. Mama yangu Unguja ana miaka 70 hajawahi kupimwa.

#13 Mpiga Kasia

Kumbe kwenye mkojo kuna elimu. Mzee, kahawa ya Forodhani ndiyo imekupa mkojo huo, usisingizie mababu 😄

#14 Mzee wa Forodhani

Marahaba Dada wa Muscat. Wewe Mpiga Kasia njoo nikununulie kashata ufunge mdomo.

#15 Mama Pacha

Nitaandika kwa kifupi kwa sababu bado naumia.

Mwanangu wa kwanza tulimpiga picha usiku kwa simu, jicho moja likawaka jeupe kama la paka. Tulicheka. Miezi minne baadaye jicho lilikuwa limevimba. Saratani ya jicho ya watoto, retinoblastoma. Jicho likatolewa, likaonekana la pili nalo lina kitu. Daktari akasema yakiwa yote mawili basi ni ya kurithi, kosa liko kwenye jeni ya RB1 mwili mzima. Akanieleza jambo la mzee Knudson wa 1971: jeni hii ina nakala mbili, uvimbe unatokea zote mbili zikiharibika. Mtoto wa kawaida anahitaji ajali mbili kwenye chembe moja. Mtoto wangu alizaliwa moja ikiwa imeshatokea.

Kujua hivyo kulibadilisha mambo mawili. Jicho la pili hawakulipiga mionzi, kwa sababu mtoto wa RB1 akipigwa mionzi hatari ya kupata saratani nyingine mfupani au usoni akikua inaongezeka sana. Walitumia kemo na kulichoma kwa leza. Na nilipojifungua pacha, walichunguzwa macho tangu wiki za kwanza, wakiwa wamelazwa usingizi. Mmoja alikutwa na kidoa kidogo. Leo anasoma ubaoni kwa macho yote mawili.

Mume wangu alipoambiwa naye akapimwe macho alikataa. Hiyo ni habari nyingine.

#16 Binti Kibosho

Mama Pacha, nakukumbatia.

#17 Nusu Mfamasia

Pole Mama Pacha. Mleta mada, kwa sababu ER ya dada ni chanya, bila shaka mbele kuna tamoksifeni, miligramu 20 kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Hii nayo ina mambo ya vinasaba ambayo sijaona mtu ameyagusa.

Tamoksifeni ukiimeza haijawa dawa kamili. Ini linaigeuza kuwa endoksifeni kwa kimeng'enya kinachoitwa CYP2D6. Watu hatufanani hapo. Kuna aina ya jeni hiyo, CYP2D6*17, imejaa kwetu Waafrika na inafanya kazi taratibu. Ilielezwa kutoka kwa watu wa Zimbabwe mwaka 1996. Mwaka huo huo wakaonyesha kuwa Waethiopia wengi wana nakala za ziada, wao wanageuza haraka. Kwa hiyo kidonge kimoja, wanawake watatu, dawa tatu tofauti mwilini.

Je, kipimo kifanywe kabla ya kuanza? Wataalamu wamegombana miaka 20, tafiti zingine zinaonyesha ugonjwa unarudi zaidi kwa wenye kimeng'enya kivivu, zingine hazionyeshi kitu. Mimi niko upande wa kutosubiri. Ila la bure kabisa: kuna dawa za sonona kama fluoksetini na paroksetini zinazima hicho kimeng'enya. Dada akisononeka, na wengi husononeka, mwambie daktari ajue yuko kwenye tamoksifeni kabla hajaandika.

#18 Mkulima wa Ilula

Sasa mmeanza kunishawishi lakini naomba mnijibu hili. Kwa nini dada zetu wanapata saratani ya titi wakiwa na miaka 38 wakati Wazungu wanaipata wakiwa bibi? Kama si sumu ni nini?

#19 Nusu Mfamasia

Vinasaba. Saratani ya titi isiyo na ER, PR wala HER2, ile hasi tatu, ni nyingi zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika na huja mapema.

#20 Fundi wa Darubini

Taratibu Mfamasia. Hasi tatu ni nyingi hasa kwa wenye asili ya Afrika Magharibi, na Wamarekani weusi wengi wametoka huko. Afrika Mashariki hali haifanani. Halafu rudi kwenye #6: vinyama vingi vya zamani vilivyopimwa Afrika vilikuwa vimekaa vibaya. Tafiti zilizokusanya vinyama vipya kwa uangalifu zilikuta ER chanya nyingi kuliko zile zilizofukua vibonge vya kabatini. Sehemu ya huo "ukali wa Kiafrika" ni ukali wa kichupa kisicho na formalini. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu kuna akina mama walinyimwa tamoksifeni kwa majibu ya namna hiyo.

#21 Takwimu za Mtaani

Wote mmesahau hesabu rahisi. Nusu ya Watanzania hawajafika miaka 20. Wanawake wa miaka 70 ni wachache kuliko wa miaka 38. Ukihesabu wagonjwa waliofika hospitali lazima wengi wawe vijana hata kama hatari ya mwanamke mmoja wa miaka 38 hapa ni sawa na wa Ulaya. Siyo sumu wala jeni, ni umbo la idadi ya watu.

#22 Mkulima wa Ilula

Takwimu, hesabu yako haimzuii mtu kufa. Na sumu bado ipo, njoo Ilula uone wanavyochanganya kwa mikono mitupu.

#23 Kasuku wa Eldoret

Huku kwetu swali ni koo la chakula. Ukanda huu wote wa Bonde la Ufa, kutoka Bomet kupanda Eldoret, kushuka Moshi mpaka Malawi, saratani ya umio inaua vijana. Watu wamefanya tafiti Eldoret, Moshi na Blantyre. Kuna wanaosema chai ya moto sana, kuna wa mursik (maziwa yetu ya kugandisha), wa moshi wa jikoni, wa meno, wa udongo. Na kuna sisi ambao nyumba moja imezika watatu. Babangu, shangazi, sasa binamu. Nilimwuliza daktari kama ni jeni akasema nyumba moja pia hunywa chai kwa sufuria moja. Sijapata jibu mpaka leo. Nimeacha chai ya moto, naiacha ipoe mpaka mke wangu analalamika.

#24 Mtoto wa Ukerewe

Naona mnaongea vinasaba kama kitu cha kupima nje ya nchi. Mimi vyangu vinaonekana kutoka barabarani. Nina ualbino. Jeni ya OCA2, nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, wote weusi tii. Ngozi haina rangi ya kuzuia jua, na saratani ya ngozi ndiyo inayotuua wengi kabla ya uzee. Tuliosoma wote shule ya msingi wenye ualbino tulikuwa sita. Tumebaki wawili.

Matibabu yangu ya vinasaba ni haya: kofia pana, mikono mirefu, losheni ya Kilisun inayotengenezwa Moshi pale kwenye kituo cha ngozi cha KCMC, na kliniki ya ngozi ambapo kidonda chochote kisichopona kinakatwa kikiwa kidogo. Hakuna mashine. Nimeshakatwa vidoa vitatu, vyote bado vichanga. Wenzangu wanne hawakukosa maabara, walikosa kofia, na wakakaa shamba la pamba saa sita mchana.

Namtania Mkulima wa Ilula: wewe jua ndiyo sumu yangu na wala halijapuliziwa dawa.

#25 Mkulima wa Ilula

Mtoto wa Ukerewe, nimenyamaza kwa hili. Nina kibarua wangu kijana mwenye ualbino. Hiyo losheni inapatikanaje Iringa?

#26 Mtoto wa Ukerewe

Ulizia hospitali ya mkoa, kitengo cha ngozi, au chama cha watu wenye ualbino cha mkoa wenu. Na mpe kazi za ghalani mchana, shamba alfajiri na jioni. Ni PM nikusaidie.

#27 Mzaramo wa Minneapolis

Mleta mada, kuna swali moja hamjaulizwa: kwa miaka 38, hata kama ukoo hauna historia ya saratani, je dada apimwe BRCA, zile jeni mbili ambazo zikiwa na kosa huongeza hatari ya saratani ya titi na ovari? Huku mgonjwa wa titi chini ya miaka 50 hupimwa karibu bila kubishana.

Hiyo ni ya kundi la kwanza la Fundi, ya kuzaliwa nayo. Mtafiti Mary-Claire King alionyesha mwaka 1990 kuwa BRCA1 iko kromosomu 17, ikapatikana 1994, BRCA2 mwaka uliofuata. Zamani kampuni moja ilikuwa na hataza ya jeni hizo Marekani, kipimo kilikuwa kwao tu, mpaka Mahakama ya Juu ya huko ilipoamua 2013 kuwa vinasaba vya asili havimilikiwi. Bei zikaanguka. Aliye na kosa kwenye jeni hizo sasa ana dawa zake, olaparibu na ndugu zake, tangu 2014 kwa saratani ya ovari na 2018 kwa ya titi. Ila saratani za kurithi ni kama 5 hadi 10 tu katika kila 100.

Sasa upande wa pili. Mama yangu alikufa kwa saratani ya ovari, nikapimwa. Jibu likaja: kuna badiliko, maana yake haijulikani. Miaka miwili nimeishi na karatasi hiyo. Nilikuwa naangalia titi kila nikioga. Baadaye wakaniandikia, badiliko hilo halina madhara, limeonekana kwa Waafrika wengi wazima. Kwa nini hawakujua? Kwa sababu hesabu ya 2016 ilionyesha asilimia 81 ya watu katika tafiti kubwa za jeni na magonjwa walikuwa na asili ya Ulaya, wenye asili ya Afrika asilimia 3. Kamusi yao haina maneno yetu. Sisi ndio wenye vinasaba vya aina nyingi kuliko watu wote duniani, na sisi ndio tunaopewa "haijulikani".

#28 Nyota ya Pangani

Na ukipata jibu la BRCA bara letu hili, nani atamwoa mdogo wako? Kwetu kabla ya posa wazee wanatumwa kuchunguza ukoo: kifafa, ukoma, wazimu. Ongeza na saratani. Mimi shangazi zangu wawili, mama, wote titi. Binamu yangu alitaka kupima, bibi akamwambia unataka kufunga milango ya wenzako? Mpaka leo hatujapima.

#29 Mama Pacha

Nyota, nenda kapime kimya kimya na umwambie mtu mmoja tu unayemwamini. Mlango wa posa unafunguka tena. Mimi natamani ningejua kabla ya picha ile.

#30 Nyota ya Pangani

Nimekusikia.

#31 Chembe Nyeupe

Natoa kisa changu cha kemo. Mara tatu nimerudishwa nyumbani kwa sababu chembe nyeupe aina ya neutrofili ziko chini, 1.2. Natoka Singida kwa basi, nalala kwa ndugu, asubuhi naambiwa rudi wiki ijayo. Kila mara uvimbe unapumzishwa. Hivi vinasaba vina jibu la hili?

#32 Nusu Mfamasia

Vinalo, na ni la muhimu sana kwetu. Waafrika wengi hawana kitu kinachoitwa Duffy kwenye chembe nyekundu, na kukosa huko ndiko kulikoifungia mlango, kwa kiasi kikubwa, aina ya malaria iitwayo vivax. Wenye hali hii huwa na chembe nyeupe za neutrofili chache kwenye damu inayozunguka, tangu kuzaliwa, na wanapigana na vijidudu vizuri tu. Kiwango cha kemo kiliwekwa kwa kupima Wazungu. Kwa hiyo mtu ambaye 1.5 ndiyo kawaida yake anaonekana ameharibika. Mwombe daktari aangalie faili lako: kabla ya kemo ya kwanza zilikuwa ngapi? Kama hata ukiwa mzima zilikuwa 1.6, mazungumzo yanabadilika. USIENDE kujiamulia mwenyewe, zikishuka kweli na homa ikaja ni dharura ya saa hiyo hiyo.

#33 Chembe Nyeupe

Nimefungua faili sasa hivi. Kabla ya kemo: 1.7. Jumatatu naenda nalo. Asante sana.

#34 Binti Kibosho (wiki ya nne)

Wakuu, naleta mrejesho.

Kibonge kilipatikana, kilikuwa kimewekwa rafu nyingine. Kimesafiri kwa basi kama Fundi alivyosema. Kiwanja hatukukiuza, kaka aliuza pikipiki, baba mdogo akatoa magunia manne ya mahindi bila kuombwa. Majibu yametoka jana: uwiano 1.3, HER2 hasi.

Dada alilia. Nikamwuliza unalia nini, si wanasema chanya ndiyo inayokimbia? Akasema: "Nilitaka iwe chanya, ina dawa yake." Sikuwa na jibu. Upasuaji ni wiki ijayo, halafu kemo, halafu tamoksifeni.

#35 Fundi wa Darubini

Mwambie naye ana dawa yake. ER ndiyo dishi lake, na tamoksifeni ndiyo inayoliziba, kwa bei ya nauli ya daladala kwa siku. Hiyo nayo ni tiba iliyochaguliwa kwa kusoma uvimbe wake, tumeizoea tu hatuiiti hivyo.

#36 Mzaramo wa Minneapolis

Na hiyo ripoti ya 2+ aitunze. Tangu 2022 kuna dawa mpya ya wenye HER2 kidogo, 1+ au 2+ ambayo kipimo cha jeni kimetoka hasi, kama ugonjwa umesambaa. Tumwombee asiihitaji, lakini asitupe karatasi.

#37 Nusu Mfamasia

Nakubaliana, ila bei yake mpaka leo ni ya ndoto kwetu.

#38 Mkulima wa Ilula

Binti Kibosho, mwambie baba yako mdogo mimi na yeye tulikosea pamoja. Kwenye sumu bado nasimama pale pale.

Losheni imepatikana. Kijana sasa anapanga kreti ghalani.

#39 Mpiga Kasia

Nimekuwa msomaji tu lakini nina swali. Mjomba wangu ana uvimbe chini ya chuchu, kifuani, ni mwanaume wa miaka 61. Anaona aibu kwenda. Na wanaume nao?

#40 Mzaramo wa Minneapolis

Ndiyo, na kwa mwanaume BRCA2 hutafutwa mapema zaidi. Mpeleke wiki hii.

#41 Fundi wa Darubini

Na mwende na formalini mkononi kabla ya kisu.